Waliosimama na Babu: Kutafuta Asili za Koo za Mbeya na Iringa Pale Mahali pa Kuzaliwa Hapajulikani

Mtu aliyezaliwa mwaka 1909 hakuweza kuzaliwa katika mji wa Mbeya, kwa kuwa mji huo haukuwapo. Ulianza kujengwa mwaka 1927, baada ya dhahabu ya Lupa kuvuta watu kwenda Chunya. Kabla ya hapo Mbeya lilikuwa jina la mlima. Hata hivyo nyaraka za familia zinazosema kwamba babu fulani alizaliwa "Mbeya" kabla ya Vita Kuu ya Kwanza si jambo la ajabu katika Nyanda za Juu Kusini. Karani aliyeandika hivyo hakukusudia kumdanganya mtu. Alimwuliza mzee ametoka wapi, mzee akataja kwao, na karani akaandika jina la wilaya alilolijua yeye siku ile. Mjukuu anayeisoma karatasi hiyo leo anadhani amepewa mahali, kumbe amepewa jina la ofisi.

Iringa nayo ina mtego wake. Iringa ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 ni Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kando ya Mto Ruaha Mdogo, iliyotekwa na majeshi ya Friedrich von Schele tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 Wajerumani walijenga boma lao kilimani, mahali ulipo mji wa sasa, wakauita Iringa Mpya. Kalenga ikabaki kuitwa Iringa ya Kale. Langenburg ya kwanza ilikuwa kituo cha Wajerumani ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Makao yalipohamishiwa milimani mwanzoni mwa karne ya 20, jina likahama nayo, na Langenburg Mpya ndiyo Tukuyu tunayoijua. Kisha kuna Utengule, ambayo nitairudia kwa urefu, kwa sababu ziko mbili na zote zilikuwa makao ya watawala wa ukoo mmoja. Juu ya hayo yote kuna mipaka ya juzi: Njombe ilikuwa wilaya ya Iringa hadi ulipoundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012, na Mbozi ilikuwa Mbeya hadi Songwe ilipotengwa mwaka 2016. Familia za Muheza na Korogwe ambazo babu zao walikwenda kukata mkonge, na ambazo zimerithi kauli moja tu kwamba "mzee alitoka Iringa", huenda zinatafuta katika mkoa usio wao. Mbena wa Lupembe na Mkinga wa Bulongwa, kwa karani wa shamba la mkonge, wote walikuwa watu wa Iringa.

Hoja ya makala haya ni kwamba katika Nyanda za Juu Kusini mahali pa kuzaliwa ni mlango mbaya wa kuingilia utafiti wa ukoo. Anayeanza na swali la "alizaliwa wapi" atapoteza muda mwingi, na mara nyingi atafika kwenye jibu lenye sura ya uhakika lakini la uongo. Swali linalozaa ni "nani walisimama naye": nani alimsimamia ubatizo, nani alishuhudia ndoa yake, ng'ombe wa mahari walitoka zizi gani, jumbe gani alimtoza kodi, alikwenda kazini pamoja na nani. Mahali hujitokeza mwishoni, baada ya watu kupatikana.

Somo la Dublin

Wanaotafuta asili zao Ayalandi wamelizoea tatizo hili kuliko watu wengi wa Ulaya, na uzoefu wao unatufaa hadi mahali fulani. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa katika majengo ya Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea karibu zote. Zile za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa kutengenezea karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Usajili wa vizazi kwa watu wote ulianza mwaka 1864. Kwa hiyo kitukuu wa mtu aliyekimbilia Boston au Liverpool wakati wa njaa ya viazi ya miaka ya 1840 mara nyingi ana neno moja tu mkononi, nalo ni jina la kisiwa kizima.

Watafiti wa huko hawakukaa kulilia sensa zilizoungua. Waligeukia karatasi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya ukoo: tathmini ya ardhi ya Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864 na inayotaja nani alishika shamba lipi, madaftari ya parokia, maandishi ya makaburini. Mfano unaonivutia zaidi ni wa pensheni. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee waliofikisha miaka 70 haki ya kulipwa pensheni ya uzeeni. Waliodai malipo hayo walikuwa wamezaliwa kabla ya 1864, hivyo hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ilibidi wataje majina ya wazazi wao na mahali familia ilipoishi walipokuwa wadogo, ili makarani wawatafute katika sensa za 1841 na 1851 na kuthibitisha umri. Fomu za upekuzi huo zilihifadhiwa kando. Sensa zilipoungua, fomu zikabaki, na leo ndizo mabaki ya sensa zenyewe kwa maelfu ya familia. Ombi la mzee fukara la kulipwa shilingi zake likawa akiba ya kumbukumbu za taifa.

Sisi tunazo karatasi za aina hiyo, na hatuzithamini. Kila aliyesajili kizazi kwa kuchelewa, aliyedai mafao ya mumewe aliyefariki, au aliyefungua mirathi mahakama ya mwanzo, alilazimika kutoa kiapo, kuleta barua ya mtendaji wa kijiji au kata, na kutaja ndugu wanaomfahamu. Mafaili hayo yana majina ya watu watatu wanne kuzunguka jina moja, tena yaliyotolewa chini ya kiapo. Mtafiti wa ukoo anayekwenda kuomba cheti cha kuzaliwa cha babu yake, akaambiwa hakipo na kuondoka, ameacha nyuma faili la mirathi la bibi.

Ila Ayalandi na Iringa hutengana mahali pamoja muhimu. Kule ardhi imegawanywa katika maeneo madogo zaidi ya 60,000, kila moja na jina na mipaka iliyodumu kwa karne nyingi, na lengo la mtafiti ni kufika kwenye eneo hilo moja. Akilipata, amefika. Kwetu ardhi haikushika majina kwa namna hiyo. Watu walihama na majina yao ya mahali, na vijiji vilihama mara kwa desturi, mara kwa vita, mara kwa amri.

Kilichoandikwa, na nani

Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya Tanganyika ni ya mwaka 1920, lakini ulazima wake uliwaangukia Wazungu na Waasia. Mwafrika wa Rungwe au Mufindi hakulazimishwa. Matokeo yake, kwa nusu karne na zaidi, kumbukumbu za Waafrika ziliandikwa na watu wenye haja nyingine: mmisionari aliyehesabu waumini, mtoza kodi aliyehesabu vibanda na vichwa, na wakala wa kazi aliyehesabu manamba.

Madaftari ya makanisa ndiyo ya zamani zaidi. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo wamisionari wa Berlin wakaanza kazi Unyakyusa kabla ya kusambaa Ukinga, Ubena na Uhehe. Wabenediktini walijenga Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890, na Wakonsolata wakaipokea mwaka 1919. Mtiririko huu unamweleza mtafiti mambo mawili ya kazi. Kwanza, lugha ya daftari hubadilika kadiri wenye daftari wanavyobadilika: Kijerumani, Kilatini, Kiitaliano, halafu Kiswahili, na jina la mtu mmoja linaweza kuandikwa kwa tahajia nne katika maisha yake. Pili, kuna pengo. Waingereza walipoingia mwaka 1916, wamisionari Wajerumani waliondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakasaidia kuziangalia sharika zilizoachwa hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vikawaondoa tena, na Waswidi wakashika sehemu kubwa ya kazi ya Berlin. Anayemtafuta mtoto wa 1918 ajue kwamba anatafuta ndani ya pengo hilo, mwaka ambao vita, njaa na homa ya mafua viliua watu wengi kabla hawajaandikwa popote.

Waliobaki bila tarehe walipangwa kwa matukio. Mwaka 1910 pekee una alama mbili zinazosaidia: nyota yenye mkia iliyoonekana katikati ya mwaka, na tetemeko kubwa la Desemba lililotikisa ukanda wa Rukwa. Mzee anayesema mama yake alikuwa na mimba yake ardhi ilipotikisika ametoa tarehe ya kuaminika kuliko "1 Januari 1912" iliyojazwa na karani ili nafasi isikae wazi.

Watu kabla ya mahali

Wanaosoma daftari la ubatizo kwa haraka huangalia safu mbili, jina la mtoto na kijiji. Safu zenye mali ziko pembeni. Kanisa Katoliki hudai mbatizwa awe na msimamizi, na jina lake huandikwa. Tena, kwa agizo la Roma lililoanza kutumika mwaka 1908, padri anayefungisha ndoa hupaswa kuiarifu parokia alikobatizwa mhusika, na taarifa hiyo huongezwa kwenye ukurasa uleule wa ubatizo. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa Tosamaganga, akaenda kufanya kazi Tanga na kuoa huko, anaweza kuwa na ndoa yake imeandikwa pembeni ya jina lake Tosamaganga, na parokia ya Tanga imetajwa. Kamba hiyo huvutwa kutoka upande wowote. Mjukuu wa Tanga akianza na cheti cha ndoa cha babu yake, atakuta jina la parokia ya ubatizo, na huko atakuta msimamizi, ambaye kwa kawaida hakuwa mpita njia: alikuwa mjomba, jirani, katekista wa kigango, au mtu wa ukoo aliyetangulia kuamini.

Unyakyusa unaonyesha kwa nini kijiji peke yake hakitoshi. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, walieleza jambo lililoushangaza ulimwengu wa wanaanthropolojia: wavulana wakifikia umri wa miaka kumi au kumi na moja waliondoka kijijini kwa baba zao na kuanza kujenga vibanda vyao pembeni, rika moja pamoja. Waliendelea kula kwa mama zao, lakini walilala, na baadaye wakaoa na kulima, katika kijiji cha rika lao. Baba, mwana na mjukuu wangeweza kuishi katika vijiji vitatu bila yeyote kuwa mhamiaji. Mtafiti anayeishi Dar es Salaam au Leicester, akiwa na karatasi inayotaja kijiji cha babu yake cha mwaka 1930, akidhani kwamba hapo ndipo atakapowakuta ndugu wa babu, atawakuta wana wa rika la babu. Ndugu wa damu wako kwingine.

Kilichowaunganisha ndugu hao katika vijiji vyao mbalimbali ni ng'ombe. Mahari ya dada ndiyo iliyomwoza kaka; ng'ombe waliotoka ukoo mmoja walidaiwa, walifuatiliwa, na walikumbukwa hadi kizazi cha wajukuu. Mzee wa Rungwe asiyekumbuka babu yake alizaliwa wapi anaweza kukueleza ni binti wa nani aliyeleta ng'ombe waliomwoa nyanya yake, na nani bado analalamika kwamba hakulipwa. Madai hayo yamejaza mafaili ya mahakama za machifu. Nayatazama kama madaftari ya ukoo yaliyoandikwa na watu waliokuwa na sababu nzuri ya kutosahau.

Uhehe nao unashuhudia jambo hilohilo, tena katika ukoo wa watawala wenyewe. Mapokeo ya akina Muyinga, yaliyoandikwa na Ernst Nigmann mwaka 1908 na kusimuliwa tena kwa Kiswahili na Michael Musso mwaka 1968, yanaanza na mwindaji aitwaye Mufwimi. Alikotoka panatajwa kwa namna tofauti: wengi husema Usagara, wengine humrudisha nyuma hadi Uhabeshi. Lakini wasimulizi wanakubaliana kwamba alimpenda binti wa mtawala wa wenyeji, Mwamududa, na kwamba mtoto wao ndiye Muyinga. Mahali pa kuzaliwa pa mwasisi pamepotea au pamepambwa. Ndoa na mkwe wamebaki. Ukoo uliomzaa Mkwawa, wenye kila sababu ya kulinda asili yake, ulihifadhi watu na kuuachia ukungu ramani.

Utengule ipi?

Nichukue mfano wa kubuni ili njia hii ionekane ikifanya kazi. Familia moja ina karatasi ya marehemu babu yao, Mmoraviani, inayosema: amezaliwa Utengule, miaka ya 1890. Hakuna kingine.

Utengule ya kwanza ilikuwa Usangu, makao ya watawala walioitwa Merere. Wahehe walipowashinda Wasangu na kuwasukuma nje ya nchi yao, Merere alikimbilia Usafwa, karibu na Mbalizi ya sasa, akajenga ngome ya mawe na kuipa jina la nyumbani. Hapo ndipo Wamoraviani walipomkuta, na hapo wakaanzisha kituo miaka ya 1890. Baada ya nguvu za Mkwawa kuvunjwa, Merere na watu wake walirejea Usangu, na jina la Utengule likabaki pande zote mbili. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Utengule kabla ya kurejea huko anaweza kuwa Msangu aliyezaliwa ugenini, Msafwa aliyezaliwa kwao chini ya mtawala mgeni, au mtoto wa mateka aliyeletwa na yeyote kati yao. Mahali ni pamoja, asili ni tatu, na ramani haiwezi kuamua.

Watu wanaweza. Mtafiti atafute kwanza babu alibatizwa pamoja na nani. Waongofu wa mwanzo walifundishwa na kubatizwa kwa makundi, na kundi lina lugha yake. Aangalie mke: alitoka kwa nani, na mahari ilipokelewa na nani. Aangalie watoto walipewa majina ya nani, maana mjukuu hubeba jina la babu au bibi, na jina la Kisangu kwa mtoto wa kwanza wa Mbalizi linasema neno. Kisha aende kwenye kodi. Tangu Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926, mlipa kodi aliorodheshwa chini ya jumbe na chifu wake. Babu aliyebaki Usafwa baada ya Wasangu kuondoka, akalipa kodi kwa chifu wa Kisafwa, akaozesha binti zake kwa Wasafwa, huenda ni Msafwa, au mateka aliyechagua kubaki mahali alipopata mlinzi. Kutofautisha hawa wawili kunahitaji swali jingine: je, ana ndugu wa kiume anayetajwa popote? Mateka hana kaka kwenye daftari.

Katika swali hilo tunakaribia jambo ambalo koo nyingi hazipendi liguswe; nitalirudia baadaye.

Majina nayo yana matatizo yake, ambayo nitayapita upesi. Ndugu wawili wa Kinyakyusa wanaweza kuandikishwa shuleni kwa majina tofauti ya ukoo, mmoja akishika la baba na mwingine la babu, na wajukuu wao wakaoana bila kujuana. Asajile, Ambakisye na Lusekelo ni wengi mno katika madaftari ya Rungwe. Jina bila msimamizi halimtambulishi mtu.

Mahame

Operesheni ya kuhamia vijijini, iliyoshika kasi kuanzia mwisho wa 1973 hadi 1976, ilikata uzi uliobaki kati ya watu na mahali. Kaya zilizokuwa zimetawanyika mabondeni na vilimani zilikusanywa kando ya barabara. Kijiji kipya kilichukua jina la mojawapo ya vitongoji vya zamani, au jina jipya kabisa, na makaburi yakabaki kwenye mahame. Isimani, kaskazini mwa Iringa, ilikuwa tayari nchi ya wahamiaji waliofuata mahindi tangu miaka ya 1940 na 1950, kwa hiyo "kwetu Isimani" ni kauli ya vizazi viwili au vitatu, si zaidi.

Lakini mahame hayajafa. Familia huendelea kwenda kufyeka makaburi na kutambika huko, na katika tambiko majina huitwa kwa mpangilio, kutoka wa karibu hadi wa mbali. Huo ni ushahidi wa kuandikwa kwa uangalifu, pamoja na jina la aliyeita na nafasi yake katika ukoo. Nani hupewa heshima ya kuanza, na nani husimama nyuma, ni habari ambayo hakuna daftari lililowahi kuiandika.

Mashaka ya haki

Msomaji mkali atasema kwamba ninabadilisha udhaifu mmoja kwa mwingine. Karatasi hukosea mahali, lakini watu husema uongo kuhusu watu. Nasaba husimuliwa upya kila shamba linapogombewa. Ni kweli. Dawa yake ni kutafuta mashahidi ambao maslahi yao hayafanani. Padri aliyeandika msimamizi mwaka 1924 hakujua kwamba mwaka 2010 kutakuwa na kesi ya shamba la chai. Jumbe alitaka jina la mlipa kodi, hakujali nani ni mkwe wa nani. Mkwe anayedai ng'ombe ana sababu ya kuongeza idadi ya ng'ombe, hana sababu ya kubuni binti. Jina likitokea kwa mashahidi watatu wasiopatana, limesimama. Likitokea tu katika simulizi ya anayedai ardhi, tuliandike kama dai.

Shaka la pili ni la wanaoamini kwamba maabara inatosha. Mwaka 1954, tarehe 19 Juni, gavana Edward Twining alikabidhi Kalenga fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa, lililodaiwa tangu Mkataba wa Versailles wa 1919. Lilichaguliwa katika jumba la makumbusho la Bremen kwa vipimo vya kichwa vilivyolinganishwa na vya jamaa zake, na kwa tundu la risasi, kwa kuwa hakuna karatasi iliyosema bila shaka limetoka wapi. Wapo wanahistoria ambao bado wana mashaka, na kwa njia iliyotumika mashaka hayo ni ya haki. Linganisha na yaliyotokea Berlin mwaka 2023. Taasisi inayosimamia makumbusho za huko, baada ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa watu watatu, wote wa Kilimanjaro. Katika kisa kimoja fuvu lilikuwa limeandikwa cheo, "Akida", na cheo hicho ndicho kilichowapeleka watafiti kwa wazao wa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Vinasaba vilithibitisha; viliweza kuthibitisha tu kwa sababu uhusiano wa mtu na mtawala wake uliwaonyesha watafiti mlango wa kubisha. Maabara ya namna hii hailinganishi na watu milioni moja. Inalinganisha na familia uliyoifikia kwa miguu.

Shaka la tatu ndilo zito kwangu. Kutafuta waliosimama na babu kunaweza kufichua kwamba hakuna aliyesimama naye. Ukanda wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulijaa mateka katika nusu ya pili ya karne ya 19. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari Mmoraviani aliyeishi Usafwa, aliandika masimulizi ya watu hawa, na Marcia Wright alipochapisha utafiti wake mwaka 1993 aliwaweka mbele wanawake kama Narwimba na Chisi, ambao maisha yao yalikuwa kutekwa, kutolewa, kukimbia, na kutafuta mlinzi mpya. Kwa wanawake hao mahali pa kuzaliwa palikuwa kumbukumbu ya utotoni isiyoweza kurudiwa. Utambulisho wao ulikuwa mume aliyewapokea, mwanamke aliyewaficha, kituo cha misheni kilichowafungulia. Wazao wao leo ni Wasafwa, Wanyiha, Wanyamwanga, na wengi hawajui. Mtafiti akikuta mama wa ukoo asiye na kaka, asiye na mahari, aliyebatizwa na msimamizi ambaye ni mke wa mmisionari, ameelewa. Je, aseme?

Nasema aseme kwa wenye ukoo, faraghani, kwa wazee kwanza, na asichapishe bila ridhaa yao. Aibu ya utumwa ingali inatumika vijijini kumnyima mtu urithi au kiti katika kikao cha ukoo, na cheti cha utafiti hakipaswi kuwa silaha. Lakini kunyamaza kabisa nako ni kuwafuta wanawake hawa mara ya pili. Katika nasaba nyingi za Nyanda za Juu Kusini wao ndio pengo lenyewe, na njia ya kuanzia mahali pa kuzaliwa haiwezi kuwaona kamwe.

Karatasi ya msibani

Mkoa wa Mbeya ulikuwa wa kwanza, mwaka 2013, katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi. Baadaye mpango ukafika Iringa na Njombe. Ni kazi njema, nayo itawaokoa vitukuu wa mwaka 2100 na mengi niliyoyaeleza. Haiwezi kuwasaidia waliozaliwa kabla yake.

Kwao ipo karatasi moja ambayo kila familia huiandika na karibu kila familia huitupa: wasifu wa marehemu. Wamoraviani tangu karne ya 18 wana desturi ya kuandika maisha ya muumini na kuyasoma siku ya maziko, na leo madhehebu mengi nchini husoma wasifu kaburini. Ndani yake mna wazazi, ubatizo, kipaimara na aliyekitoa, ndoa na mahali ilipofungwa, ajira, idadi ya watoto na wajukuu, na mara nyingi jina la aliyemlea marehemu baada ya kufiwa na wazazi. Husomwa mbele ya mamia ya watu wanaoweza kusahihisha papo hapo. Hakuna daftari la serikali lililohakikiwa namna hiyo. Kisha karatasi hukunjwa na kutiwa mfukoni mwa koti la msomaji.

Makanisa yenye madaftari ya ubatizo yana pia vyuo vikuu katika miji hii miwili: Wamoraviani wana Teofilo Kisanji, Mbeya; Walutheri wana Chuo Kikuu cha Iringa; Wakatoliki wana Ruaha. Kila mwaka wanafunzi wao wa mwaka wa mwisho hutafuta mada za tasnifu. Kufahirisi daftari moja la usharika, kwa idhini ya mchungaji na kwa kuacha nje waliozaliwa katika miaka mia iliyopita, ni kazi ya muhula mmoja, mradi fahirisi isiishie kwenye jina la mbatizwa. Iwe na safu ya wasimamizi, safu ya mwalimu aliyefundisha, safu ya maandishi ya pembeni. Na katika kila usharika na kigango, katibu apewe bahasha ya kutunzia nakala ya wasifu unaosomwa msibani, ikiwa na tarehe ya maziko na jina la aliyeusoma.